Siku moja maishani mwangu: miguu, mashine na kafyu ya saa moja

Kisumu, Julai 2021

Saa 11:30 alfajiri

Kafyu imeisha saa 10, ila mtaa wetu wa Kondele bado unajinyoosha. Tangu kaunti 13 za ukanda wetu zibanwe mwezi uliopita kwa sababu ya korona, saa 1 jioni kila mtu awe ndani, wagonjwa waliozoea kuja jioni wanajazana asubuhi. Chai nainywa nikiwa nimesimama, na mandazi ya jana nayamalizia juu ya boda.

Kazi yangu ni altrasaundi. Mtu akisikia hivyo anawaza mimba tu, na kweli mimba ndizo zimenilisha miaka yote. Lakini tangu Delta, ile aina mpya ya kirusi cha korona, igunduliwe hapa Kisumu mwezi Mei, kitanda changu kimekuwa cha miguu.

Saa 1:50 asubuhi

Kabla sijasoma karatasi ya yeyote, naangalia chini ya benchi. Namtafuta aliyevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Huyo nitamwita kwanza, foleni inune itakavyo.

Leo yupo. Ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Maseno.

Saa 2:20

Korona aliiugulia nyumbani, hakulazwa. Homa, kikohozi, siku kumi kitandani, akapona na kurudi darasani. Wiki tatu baadaye shavu la mguu wa kushoto likaanza kuvuta, kisha likavimba. Zahanati moja ya mtaani ikampa dawa za taifodi (kwetu ugonjwa wowote kwanza ni malaria, ukikataa kuwa malaria basi ni taifodi). Mama mkwe naye, kwa nia njema kabisa, akawa anamchua kwa mafuta ya moto kila jioni.

Natoa tepu ya fundi cherehani. Unashuka sentimita 10 chini ya kile kifupa kilichotokeza chini ya goti, unazungusha, unasoma. Kulia 36, kushoto 40. Tofauti ikipita sentimita 3, utani unaisha.

Kisha jeli, kisha probu, kile kichwa cha mashine ninachokishika, kwenye kinena. Pale ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na vena, unaoirudisha, hukaa jirani, na kwenye skrini ni viduara viwili vyeusi. Ukibonyeza kidogo, vena nzima hufumba, ukuta ukagusa ukuta; ateri hubaki wazi kwa sababu ina shinikizo kubwa na ukuta mnene. Kinenani inafumba. Katikati ya paja inafumba. Nyuma ya goti nabonyeza, haifumbi. Nabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Kiduara kimebaki vilevile, na ndani yake kuna ukungu wa kijivu mahali palipotakiwa kuwa peusi. Donge ndilo hilo.

"Daktari, ni mishipa imekazana?"

Mimi si daktari, ila ubishi huo niliuacha zamani. "Hapana, mwalimu. Damu imeganda ndani ya mshipa. Kuchuliwa basi, kuanzia leo."

Namweleza sababu: kipande kikikatika, kinapanda na damu hadi moyoni, na moyo unakisukuma kwenye mapafu. Huko ndiko kinakoua. Anataka kujua ugonjwa wa kifua umefikaje mguuni, na ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Virusi vinaingia kwa pua na koo, lakini vita vinaenea mwili mzima. Ngozi laini inayopaka mishipa kwa ndani inaumia. Ini linamwaga fibrinojeni kwa wingi, protini ileile inayofunga kidonda. Halafu mtu analala siku kumi, damu ya miguuni inapunguza mwendo. Katika karne ya 19 Mjerumani Rudolf Virchow alishika mambo hayohayo matatu: mshipa kuumia, damu kuwa rahisi kuganda, mwendo kuzorota. Korona inayaleta yote kwa mpigo. "Si unayajua magugumaji ya hyasinti pale ziwani Dunga?" namwambia. "Maji yakitulia na mbolea ikizidi, asubuhi unakuta boti hazitoki." Anacheka kwa mara ya kwanza.

Jambo moja huwa nalirudia mpaka wenzangu wananicheka: dawa atakayopewa haiyeyushi donge. Sindano za heparini na vidonge vya warfarini vinalizuia lisikue na vinazuia jingine lisizaliwe. Kulitafuna ni kazi ya mwili wenyewe, nao hauna haraka. Kwa hiyo ni miezi mitatu kwa uchache. Wengi huacha dawa siku uvimbe unapopungua.

Saa 4 hadi saa 6

Mimba, mimba, mawe kwenye nyongo, mimba. Mapacha kwa mama aliyekuwa amejipangia mmoja.

Saa 7 mchana

Kibandani. Ugali, omena (dagaa wa ziwani) na mboga ya osuga. Mama mwenye kibanda ananisubiri nimeze tonge la kwanza.

"Nyar Gem," ananiita, yaani binti wa Gem, "hiyo chanjo yenu si ndiyo inagandisha damu?"

Amesikia kuhusu AstraZeneca, na hajasikia uongo mtupu. Yapo madonge yanayotokana nayo, ya aina ya pekee, yanayokuja pamoja na upungufu wa chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha, na mara nyingi hukaa kwenye vena za ubongo au za tumbo. Kwa hesabu za Ulaya ni takribani mtu mmoja katika kila laki moja. Namwambia hivyohivyo, bila kupaka sukari. Kisha namwambia kwamba watu ambao nimewabonyeza miguu mwezi huu ni walioambukizwa korona, wala hawajatoka kuchanjwa. Hajashawishika, lakini ameniongezea omena.

Saa 8:15

Wodi ya korona, na ile mashine ndogo ya magurudumu. Ndani ya gauni la plastiki jasho linatiririka hadi kwenye soksi. Waliolazwa hapa hudungwa enoksaparini miligramu 40 chini ya ngozi ya tumbo kila siku, kinga ya madonge, na mzee mmoja aliye kwenye oksijeni ameanza kuzikataa sindano hizo kwa sababu tumbo limejaa alama za bluu. Nakagua mapaja yake. Pande zote mbili zinafumba vizuri. "Basi waniache," anasema. Namwambia, mzee, zinafumba kwa sababu hawajakuacha.

Saa 9:40 alasiri

Tuktuk inaingia hadi mlangoni. Mkulima wa mpunga kutoka Ahero, mkewe amemshika kwapani. Mguu wake haujavimba hata kidogo, na hilo ndilo lililowachelewesha: wanajua mguu mgonjwa huvimba.

Wa kulia umepauka, wayo kama si wa mtu mwenye damu. Naugusa kwa mgongo wa kiganja kuanzia pajani kwenda chini. Chini kidogo ya goti joto linakatika ghafla, kama mstari umechorwa. Juu ya kifundo kuna wekundu wa maji ya moto: walipoona mguu ni baridi, waliutumbukiza kwenye beseni. Ameungua na hakusikia. Namwambia achezeshe vidole. Anajitahidi, kimoja tu kinatikisika.

"Maumivu yalianza saa ngapi, baba?"

"Saa 5. Yalikuja mara moja."

Nahesabu kimoyomoyo. Donge la vena, kama la mwalimu wa asubuhi, damu inashindwa kurudi, kwa hiyo mguu unajaa na kupata joto. Lina hatari yake, lakini lakupa muda wa kufika hospitali. Donge la ateri damu haifiki kabisa. Misuli na neva huvumilia kama saa sita, baada ya hapo zinaanza kufa na ndipo habari za kukata mguu zinapoingia. Huyu ametumia karibu saa tano, sehemu kwenye beseni na sehemu akisubiri gari.

Natafuta mapigo kwa vidole: juu ya unyayo hakuna, nyuma ya kifundo hakuna, nyuma ya goti hakuna. Kinenani yapo. Nawasha Dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi na sauti. Pajani sauti inapiga, rangi inacheza kwenye skrini, halafu sentimita chache juu ya goti rangi inakoma na spika inabaki na mvumo mtupu. Ripoti nitaandika baadaye. Nampigia simu daktari wa upasuaji, muuguzi anamtundikia heparini ya kwenye mshipa, mwingine anamsokota kijiti puani. Kipimo cha haraka cha korona: anayo.

Mkewe anashangaa. "Wiki jana alikohoa kidogo tu. Ila nilikaanga omena akaniuliza mbona jikoni hakunukii."

Mabango yetu ya korona yana homa, kikohozi, kupumua kwa shida. Mguu haupo. Mwaka jana tulisoma habari za Nick Cordero, mwigizaji wa Broadway mzaliwa wa Canada, aliyekatwa mguu wa kulia Aprili huko Los Angeles baada ya damu kugoma kufika vidoleni, akafariki Julai akiwa na miaka 41. Tuliichukulia kama ajabu ya ng'ambo. Kama ni mimi ningebandika bango jipya kila kituo cha afya kuanzia Ahero hadi Luanda ya Vihiga: mguu au mkono uliogeuka baridi na mweupe ghafla, usichue, usiweke maji ya moto, panda chochote chenye magurudumu.

Saa 10:45

Yuko thieta. Daktari anapasua kidogo kinenani, anapitisha bomba jembamba lenye puto nchani, lipite donge, puto lijazwe, avute. Ni ubunifu wa Mmarekani Thomas Fogarty, wa miaka ya 1960, na bado haujapata mpinzani kwa bei. Tumebahatika kwamba mkono wa kuifanya upo mjini leo. Mabingwa wa mishipa nchini ni wachache na wengi wako Nairobi. Kwa barabara ungefika mguu ambao muda wake umekwisha.

Saa 12:20 jioni

Boda, mbio. Jamaa anaomba mia mbili kwa safari ya hamsini kwa sababu ya polisi. Nalipa.

Saa 2:30 usiku

Muuguzi wa zamu amepiga. Donge limetoka, refu kama kidole cha kati, na kipande kingine nyuma yake. Wayo una joto, Dopla inasikika kwenye kifundo. Vidole viwili vya mwisho bado vimepauka, vitaangaliwa kesho na keshokutwa kabla ya yeyote kutaja kisu. Mkewe amepimwa pia, majibu hayajatoka.

Na mwalimu wa Maseno ameandika. Sindano ya kwanza amedungwa, mguu ameuinua juu ya mito kama alivyoambiwa, lakini kuna kesi nyumbani: mama mkwe anauliza kama anaruhusiwa kuendelea kuchua mguu wa kulia. Nimemjibu asubiri. Akija Alhamisi kwa kipimo cha damu, na huo wa kulia nitaubonyeza.