Mkopo wa mizinga kwa kijiji kinachoishi kwa mkaa

Mchoma mkaa hupata hela yake siku gunia linapofika barabarani. Mfuga nyuki husubiri msimu. Mradi wa serikali wa kumtoa mtu kwenye tanuru na kumpeleka kwenye mzinga usipoanzia kwenye tofauti hiyo, tanuru litaendelea kufuka.

Kwa Tanzania, mlango wa fedha upo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Vijiji vya misitu ya miyombo, kama vile vya Tabora na Katavi, vina kila sababu ya kuomba mizinga. Wazo ni zuri. Kinachoua miradi hii ni ratiba ya marejesho. Kikundi kikitakiwa kurejesha kila mwezi kabla hata nyuki hawajaingia, hela itatoka wapi? Wanachama watarudi porini kuchoma mkaa ili walipe deni la nyuki.

Kwa hiyo mnapokaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata kuandaa andiko la mradi, tajeni miezi ya mavuno waziwazi. Kwenye miyombo, mavuno makubwa huangukia takriban Mei hadi Julai, na madogo karibu na mwisho wa mwaka. Ombeni marejesho yafuate miezi hiyo. Mwaka wa kwanza msipige hesabu kana kwamba kila mzinga utapata nyuki. Hesabu ya nusu ni salama zaidi. Tena sehemu ya mkopo iende kwenye kitu cha kuingiza hela ya kila wiki, kuku wa mayai au bustani ya mboga, maana hiyo ndiyo inayoziba pengo la mkaa. Halmashauri ikikataa masharti hayo, ni heri kukosa mkopo kuliko kusaini usiolipika.

Sasa mzinga wenyewe. Fundi seremala anayepewa kazi mara nyingi hajawahi kufuga nyuki, na kosa lake kubwa huwa kwenye viunzi vya juu, yaani vile vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize masega yao. Kwa nyuki wetu, kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Siku ya kupokea mizinga nendeni na rula: pangeni viunzi kumi vikigusana, vipime. Visipotimia sentimita 32 kamili, virudisheni hapo hapo. Viunzi vikiwa vipana au vyembamba mno, nyuki hujenga masega yakikatiza kutoka kiunzi kimoja hadi kingine. Ukiinua kimoja unararua masega mawili, asali inamwagikia majana (watoto wa nyuki), nyuki wanachachamaa, na mvunaji anarudi kwenye mwenge wa moto kama zamani.

Pakeni mstari mwembamba wa nta katikati ya upande wa chini wa kila kiunzi, ndipo nyuki waanzie hapo. Msipake rangi ndani. Ning'inizeni mzinga kwa waya, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, mbali na shina, nyegere asiufikie. Waya upakwe grisi kuzuia sisimizi. Yote haya yafanyike kabla ya maua. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini fedha ikichelewa na mizinga ikafika maua yameshapukutika, itakaa mitupu na nondo wa nta wataimaliza ile nta.

Bajeti nyingi zina mizinga tele na mavazi ya kujikinga mawili tu. Hapo mavuno huburuta wiki nzima. Punguzeni mizinga, ongezeni mavazi, bomba la moshi na ndoo safi zenye mifuniko. Vuneni sega lililofunikwa kwa nta, angalau theluthi mbili yake. Asali isiyokomaa ina maji mengi na huchacha. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni unyevu usiozidi asilimia 20, na mnunuzi makini hupima kabla ya kutaja bei.

Mwisho ni mahali pa kutundika. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi na kunufaika na mapato yake. Vijiji vya Kilwa vilivyoanza kuuza mbao chini ya cheti cha FSC (cha kimataifa, cha usimamizi bora wa misitu) cha 2009 vilipita njia hiyo. Kama mizinga itakaa kwenye msitu wa kijiji, ufugaji nyuki uandikwe kwenye mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na mkutano mkuu wa kijiji uupitishe. Kama msitu uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kibali kiombwe kabla fundi hajakata ubao wa kwanza, la sivyo mizinga itarundikwa nyuma ya ofisi ya kijiji huku marejesho yakihesabiwa.