Nilivyotoa kompyuta 23 za ofisi, na kwanini usimsikilize anayekwambia "piga fomati tu"

Kuna ushauri unaniudhi mpaka leo: "we piga fomati tu, kila kitu kinafutika." Nimeambiwa hivyo na watu watatu, wawili ni mafundi kabisa. Si kweli jamani, na nilijionea mwenyewe.

Stoo tulikuwa na kompyuta 23 kuukuu, bosi akasema nzima zigawiwe, mbovu ziuzwe chakavu. Humo zipo zilizotumika uhasibu na utumishi, zote zimerundikwa pamoja. Nikachukua moja ya uhasibu, nikaifomati ile ya haraka, nikaweka Windows upya, ikawaka safi utadhani mpya. Lakini roho ilikataa. Nikashusha PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, nikaiachia usiku mzima. Asubuhi nakuta mafolda yamejaa, majina ya mafaili yamepotea yamebaki manamba tu, nafungua moja ya Excel hivi... orodha ya mishahara! Majina ya watu, akaunti za benki, makato ya mikopo, na mimi mwenyewe nipo mstari wa nne. Mwili ulinisisimka. Na hiyo kompyuta ilikuwa iende kwa mtu baki wiki ileile. Kumbe fomati ya haraka inachana ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu chenyewe kiko palepale.

Basi nikaanza upya, kila diski inaandikwa sifuri mwanzo mpaka mwisho. Hapo tena akaja mwingine, eti lazima urudie mara 35. Hiyo 35 ilitoka kwenye andiko la mtafiti wa usalama wa kompyuta, Peter Gutmann, la mwaka 1996, kwa diski za enzi hizo. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ule 800-88, unaona mara moja inatosha kwa diski za sasa za kuzunguka. Diski ya TB 1 mara moja tu ni kama masaa matatu, sasa piga hesabu mara 35! SSD, zile diski za chipu zisizozunguka, ndo usizifanyie hivyo, zenyewe zinahamisha data kwenye chipu kimyakimya, kuna sehemu hutaifikia. Zina amri yake ya kujifuta, mimi niliipata kwenye programu ya watengenezaji.

Diski nne hazikuwaka kabisa. Nikazipiga nyundo, nilipiga mpaka mkono ukauma, ganda limebonyea tu ndani sahani inayobeba data inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Nikatafuta bisibisi ya nyota, T8, bei yake ndogo tu, nikafungua. Ndani kuna sumaku kali zinabana vidole, na diski imeishi nazo miaka yote, kwa hiyo anayekwambia upitishe sumaku ya spika juu yake anakupotezea muda. Sahani za kompyuta za mezani zilikuwa aluminiamu, nikazitoboa kwa drili na kuzikunja. Ya laptopu nikaibana nikunje, ikapasuka paa! vipande kila kona, kumbe ni kioo. Vaa miwani tafadhali. Na betri za laptopu usitoboe hata moja, zitoe uziweke pembeni, zinashika moto.

Kila diski niliandika namba yake ya utambulisho (serial namba) iliyoko kwenye lebo, nimeifanyaje na lini, na niliokota chache nikazijaribu tena na PhotoRec. Hazikutoa hata faili moja. Siku hiyo nililala.

Ila niseme hili la mashine za fotokopi, maana hakuna aliyenitajia. Nyingi zile kubwa za ofisi zina diski ndani, na zinaweza kubaki na nakala za ulichopiga au kuskani, vitambulisho, mikataba, vyeti vya hospitali. Nilikumbuka mnunuzi ameshaipakia ya kwetu kwenye gari na ameshaifunga kamba. Nikamwambia ashushe. Akanuna, akashusha, nikafungua kifuniko cha nyuma na diski ilikuwemo, GB 160.