Siku tatu kwenye mlima wa mitaro

Basi lilitushusha njia panda alfajiri, toka pale ni kwa miguu kama saa mbili hivi, mlima mkavu, makorongo kila mahali, nikawa najiuliza hii permakalcha (kilimo cha kuiga asili) niliyoifuata huku iko wapi. Alafu tukakata kona. Ng'ambo kijani tupu, na sio shamba moja, ni mteremko mzima.

Mi nilikuja na shida yangu, mvua ya mwaka jana ilinibebea udongo wote wa juu. Nilidhani nakuja kusoma mboji na matandazo (nayo tulisoma, vizuri tu), kumbe kazi kubwa ni maji. Mwenyeji wetu, mama mtu mzima, akatupa fito, mbili tukazifunga pamoja kwa juu, ya tatu ikakatiza katikati, alafu tukaning'iniza jiwe kwa kamba. Ndo kipimo chenyewe. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati ujue miguu yote miwili iko usawa mmoja, unapigilia kigingi, unazungusha mguu, unasonga, na mtaro unachimbwa kufuata vigingi hivyo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, sasa piga hesabu mlima mzima, yani maji yote hayo badala ya kukimbia na udongo yanasimama mtaroni yanazama taratibu.

Sasa vigingi vyetu vikafika mpakani, na usawa unaendelea kwa jirani. Nikauliza hapa tunafanyaje? Mama akasema, "Hapo unaweka jembe chini unaenda kupiga hodi." Wao walianza hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, sa hivi wanachimba kwa zamu na mbegu wanatunza pamoja, ukame ukimpiga mmoja anachukua kwa mwenzake. Mollison na Holmgren, waanzilishi wa permakalcha, walipolitoa hilo jina kule Australia mwaka 1978 walikuwa wanasema kilimo cha kudumu, baadae maana ikapanuka ikawa utamaduni wa kudumu, na pale mpakani ndo nilielewa kwanini.

Usiku wa mwisho ikanyesha sana. Asubuhi nakimbilia mtaroni, umejaa pomoni, maji yametulia kabisa, na pale yanapomwagikia yakizidi, jirani wa chini ashafika na jembe lake anapanga mawe. Hakuna aliyemwita.

Naandika haya niko kwenye basi narudi, kamba na jiwe viko kwenye begi. Nikishuka napitia kwa jirani wa juu kwanza, maji yanaanzia kwake.