Poda katika Pazia

Poda bado imo katika mikunjo ya pazia la sebuleni, nami sijataka kulifua. Leo ni wiki ya pili tangu ujumbe wa matokeo ya Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, ambao hapa Lubumbashi, Kongo, kila mtu huuita Egzeta, ulipoingia katika simu yangu saa tatu usiku. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu Katuba, kwa hiyo binti yangu alimwagiwa poda ya pongezi gizani, kichwani, usoni na shingoni, na majirani wasiomwona wakajua kwa vigelegele tu kwamba nyumba hii imepata mwenye diploma. Amepata asilimia 58 katika seksio ya umeme. Wapo waliopata zaidi, tena wengi. Mimi nimeziandika tarakimu hizo mbili kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na baba yake, aliye kazini Kolwezi, amenitaka nizipige picha nimpelekee.

Usiku ule aliyelia ni yaya, kaka yangu mkubwa.

Yaya ni seremala, na karakana yake iko Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, karibu na soko. Alitolewa shuleni akiwa mwaka wa nne wa shule ya msingi, baada ya kudubla, yaani kurudia darasa, mara tatu, na nyumbani tulimwita kichwa kigumu. Mimi pia nilimwita hivyo, ingawa nilikuwa mdogo wake na sikustahili kumwita chochote. Mtu huyohuyo anakumbuka vipimo vya kila dirisha alilotengeneza tangu mwaka jana, upana na urefu, bila kuandika popote.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, alianza vizuri kiasi. Katika miaka miwili ya kwanza shule yake ilifundisha kusoma kwa Kiswahili, naye alisoma polepole, kidole chini ya neno, lakini alifika. Sasa najua sababu. Katika Kiswahili herufi haina hila: b ikikutana na a ni ba, iwe mwanzoni mwa neno au mwishoni. Mwaka wa tatu Kifaransa kikashika darasa, na mambo yakaharibika. Sauti moja ya o huandikwa o, au, ama eau, na katika „ils mangent“, yaani wanakula, kuna herufi tatu za mwisho ambazo mtoto lazima aziandike ingawa hakuna kinywa kinachozitamka. Dikte zake, yaani imla, zilirudi nyumbani zikiwa nyekundu tupu. Mwalimu akaandika kwamba ni mvivu. Nami nilimchapa, si mara moja. Ninalitaja jambo hili kwa sababu wanaokuja kunipongeza husema nilikuwa mama mvumilivu, na huo si ukweli.

Yaya alitukuta jioni moja katika hali hiyo, mtoto analia, daftari liko sakafuni. Aliliokota, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: „Kiti kikiangushwa ubavu, kinakuwa kitu kingine?“ Nikamjibu hapana. „Basi kwa nini hii ikigeuka kushoto inabadilishwa jina?“ Kidole chake kilikuwa juu ya b. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma hadi humanite, yaani madarasa ya juu ya sekondari, ninachapa barua za watu kwa malipo, na swali hilo halikuwahi kunijia.

Wiki iliyofuata alileta mfuko wa herufi alizochonga kwa vipande vya mbao vilivyobaki. Kwa b na d alikuwa amechonga kipande kimoja tu, akakichoma moto kidogo upande mmoja ili kiwe na mbele na nyuma. Mtoto alikipapasa akiwa amefumba macho, akisema sauti yake kila anapokigeuza. Hakuna aliyemfundisha yaya njia hiyo. Miaka baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kuunganisha mguso, sauti na umbo ni mojawapo ya njia ambazo walimu wenye ujuzi huzitumia.

Jina la jambo lenyewe tulipewa na mwalimu kijana wa mwaka wa tano, aliyesomea saikolojia na sayansi za elimu katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Aliniita, akafunga mlango, akasema neno disleksia. Alinieleza kwamba si uvivu wala si upungufu wa akili, na kwamba macho hayana kosa. Kuchanganya b na d ni dalili tu, kwani shida kubwa iko katika kuunganisha sauti za lugha na alama zake. Kisha akaniuliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo aliyesumbuliwa na kusoma, kwa sababu mara nyingi jambo hili hurithiwa. Nilitoka pale nikapanda basi hadi Kenya, badala ya kurudi nyumbani.

Sikujua nianzie wapi. Baadaye, katika kusoma kwangu, nilipata habari ya daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, ambaye mwaka 1896 aliandika kuhusu kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma, ilhali mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu. Nilimsomea yaya habari hiyo karakanani. Aliacha randa, akanyamaza, kisha akauliza: „Walimchapa?“ Nikamwambia maandishi hayasemi. Akaendelea na kazi yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi ndefu isiyo na mengi ya kusimulia. Nilimsomea binti yangu masomo yake na kuyarekodi katika simu, naye aliyasikiliza akiosha vyombo, akisonga bukari, yaani ugali, akienda shuleni kwa miguu. Alisoma akiwa amefunika ukurasa kwa kadi yenye tundu la mstari mmoja. Alipomaliza mwaka wa nane, watu walinishauri nimpeleke ushonaji, kwa maana kwetu seksio za ufundi hufanywa jalala la watoto walioonekana hawawezi, jambo ambalo huniudhi hata leo, kwa sababu anayedhani mchoro wa nyaya za nyumba ni kazi ya wasio na akili hajawahi kuuchora. Yeye mwenyewe alichagua umeme. Katika mchoro kila alama ina maana moja, aliniambia, na hakuna alama inayowekwa bila kazi.

Niliogopa zaidi insha ya Kifaransa inayotangulia mtihani wenyewe, kuliko maswali ya kuchagua majibu, ingawa nayo huhitaji kusoma mengi kwa muda mfupi na yeye hakuongezewa dakika hata moja. Siku ya insha nilisimama nje ya ukuta tangu asubuhi, kana kwamba kusimama kwangu kungemsaidia. Alitoka wa mwisho. Aliomba maji, akasema tu kwamba ametumia maneno mafupi.

Jana jioni yaya alikuja na simu yake. Mteja alikuwa amemwandikia ujumbe tangu Jumatatu, nao ulibaki hivyo hivyo, kwa kuwa tangu tulipokuwa vijana mimi ndiye niliyemsomea barua zake, na sikuzote alisubiri watu waondoke kwanza. Safari hii alinipita, akampa binti yangu mbele ya wageni wote. „Mama, nisomee.“ Binti akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Katikati alikwama, akasoma „milango miwili“ mahali palipoandikwa „mlango wa pili“, akajisahihisha, na wote wawili wakacheka hadi yaya akalazimika kukaa chini.