Tozo Iliyoahidiwa Kuondoka: Barabara ya Milimani Ninakoishi

Desemba hii nilikuwa nyumbani Moshi, na kama kawaida ya mwisho wa mwaka Uchaggani, mazungumzo ya kihambani yalianzia barabarani: nani kalala Segera, nauli imepanda kiasi gani, foleni ya Kibaha imekula saa ngapi. Mjomba wangu ana Fuso inayopeleka ndizi Dar. Alikuwa amesikia habari za mpango wa barabara ya haraka ya kulipia, Kibaha–Chalinze–Morogoro, akanigeukia: "Mwanangu, wewe unakaa huko wanakolipia barabara. Deni likiisha, tozo inaondoka?"

Ninaishi Carlisle, jimbo la Pennsylvania, mji wa maghala na malori. Hapa ndipo ilipoishia Pennsylvania Turnpike ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1940, kilomita kama 257 kutoka Irwin, karibu na Pittsburgh. Barabara hiyo ndiyo jibu la mjomba, ila jibu lenyewe ni refu, na linaanzia kwenye reli.

Miaka ya 1880 tajiri wa reli William Vanderbilt aligombana na kampuni ya Pennsylvania Railroad, akaamua kuchimba reli yake kupita milima ya Allegheny. Andrew Carnegie, mwenye viwanda vya chuma, alimuunga mkono kwa kuwa alichoshwa na nauli za mizigo za kampuni ile. Watu walitoboa milima kwa miaka miwili hivi, wengine wakafia humo. Mwaka 1885 mwenye benki J. P. Morgan akawapatanisha wakubwa hao, na kazi ikasimama papo hapo. Mahandaki yakabaki nusu, yakajaa maji kwa zaidi ya miaka 50. Wenyeji wakayaita upumbavu wa Vanderbilt. Mjomba alitikisa kichwa hapo, maana naye ameishi kando ya reli ya Tanga–Moshi ilipolala miaka na miaka, majani yakiota juu ya mataruma, hadi treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019.

Yale mahandaki yaliyoachwa ndiyo yaliyozaa barabara. Mwaka 1937 jimbo liliunda tume ya kuijenga, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi. Serikali ya Rais Roosevelt ikatoa ruzuku na kununua hati fungani za tume, yaani hati za mkopo, jumla karibu dola milioni 70, na hizo hati zilikuwa za kulipwa kwa tozo. Kazi ilianza Oktoba 1938 na haikufika miaka miwili. Kati ya mahandaki 7, 6 yalifuata matundu ya Vanderbilt. La mlima Allegheny ndilo lililochimbwa upya pembeni.

Aliyewahi kushuka Kitonga na lori lenye mzigo ataelewa furaha ya madereva wa wakati ule. Barabara ya zamani ilipanda na kushuka kila mgongo wa mlima, na wakati wa theluji watu walikuwa wakikwama au kuporomoka. Hii mpya haikupanda zaidi ya mita 3 kwa kila mita 100, haikuwa na makutano wala taa, na ilikuwa na njia mbili kila upande. Gari dogo lililipa dola 1.50 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi nimepita huko usiku wa Januari, theluji ikianguka, na nasema bila kusita kwamba barabara ya namna hiyo inaokoa maisha. Siipingi tozo kwa sababu ni tozo.

Mafanikio yakaleta foleni. Ndani ya mahandaki njia nne zilibanwa kuwa mbili, magari yakijipanga midomoni mwa milima. Ndiyo maana miaka ya 1960 manne yalichimbiwa pacha, na matatu yakaachwa kabisa, barabara ikazungushwa pembeni. Kipande kilichoachwa mwaka 1968 karibu na Breezewood, kama kilomita 20, sasa watu wanatembea na kuendesha baiskeli, mpaka ndani ya mahandaki yenye giza.

Sasa tozo. Sheria ya 1937 ilisema wazi: hati fungani zikishalipwa, barabara inakabidhiwa idara ya barabara ya jimbo na kupita ni bure. Lakini kabla deni halijaisha wakairefusha, mashariki mwaka 1950, magharibi hadi mpaka wa Ohio 1951, na kila kipande kikaja na mkopo wake. Leo ina kilomita 580 hivi na bado inalipiwa. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja na sheria ya 2007 iliyoitaka tume kulipa mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka kwa ajili ya barabara nyingine na usafiri wa umma jimboni. Kwa miaka mingi ilikuwa milioni 450 kwa mwaka, hadi ilipopunguzwa kuwa milioni 50 mwaka 2022. Tume ilikopa ili kulipa, na tozo imepanda kila mwaka tangu 2009. Dereva wa lori anayepita Carlisle alibeba mzigo wa mabasi ya Philadelphia ambayo hatayapanda kamwe.

Vibanda vya kulipia pesa taslimu navyo vilifungwa mwaka 2020. Kamera inapiga picha namba ya gari, na asiye na kifaa cha kulipia hutumiwa bili nyumbani, kubwa zaidi.

Mjomba alisikiliza yote, kisha akauliza ile barabara ya zamani ya milimani ilikwenda wapi. Ipo, nikamwambia, inaitwa namba 30, imetengenezwa, na haina tozo. Asiye na hela anapita huko taratibu. Hapo akatulia kidogo. Hoja yake ikawa kwamba yeye atalipa Kibaha kama vile watu wa Kigamboni wanavyolipia daraja lao tangu 2016, mradi mkataba utaje mwaka wa mwisho wa kulipa, hela isihamishiwe kwingine, na barabara ya sasa iendelee kuzibwa mashimo kwa ajili ya Fuso zisizo na haraka.