BRZ itabaki au ndo basi tena?

Jamani hii gari ya michezo Subaru BRZ naipenda sana, ndo maana naogopa nikiangalia inavouzwa kidogo. Ilitoka 2012 pamoja na pacha wake wa Toyota, zote zinaundwa kiwanda kimoja cha Subaru huko Gunma, Japani, injini ya boksa (pistoni zake zimelala ubavu) lita 2.0, hosipawa 200, inasukuma tairi za nyuma, ni nyepesi na imekaa chini kabisa yani kona unaikata unavotaka.

Sasa watu kila siku kelele, eti nguvu ndogo, wekeni tabo (turbo, ya kuongeza nguvu ya injini), haya kizazi cha pili wakaongeza injini ikawa lita 2.4, tabo hawakuweka, na mimi nawaelewa kabisa kwa sababu ile gari uzuri wake ni wepesi, ukijaza mauzito umeiua. Ila wanaopiga kelele wengi mwisho wa siku wananunua SUV, siti mbili za nyuma za BRZ hata mtoto anabanwa, mwenye familia afanyeje?

Kinachonipa moyo ni Toyota, wana hisa kama asilimia 20 ndani ya Subaru na gharama wanachangia. Peke yake Subaru sidhani angeweza. Lakini Ulaya sheria mpya za usalama za 2024 zimeshaiondoa GR86, yule pacha wa Toyota, sokoni, na kutengeneza upya gari inayouzwa kidogo hivi sio bei rahisi. Kwa kweli wasije wakaigeuza krosova (gari ya juu juu kama SUV), bora waiache ilivyo hata miaka mitano mingine.