Miezi minane iliyopotea njiani: nilivyofuatilia makato yangu ya NSSF

Mimi ni mtunza stoo katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Sabuni, mashuka, mchele, dizeli ya jenereta, vyote hupita mkononi mwangu na vyote huandikwa. Kilichotoka stoo lazima kionekane kimefika wapi. Cha kuchekesha ni kwamba kwa miaka tisa sikuwahi kuuliza pesa zinazotoka kwenye mshahara wangu mwenyewe zinafika wapi.

Aliyenizindua ni mzee wetu wa dobi. Alitimiza miaka 60, akaenda kufuatilia akiba yake, na aliporudi nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma ya jiko na karatasi magotini.

"Mwanangu, hebu nisomee. Ni macho yangu au hii karatasi ina mapengo?"

Macho yake hayakuwa na neno.

Usiku ule, katikati ya Mei 2025, nilijisajili kwenye mtandao wa wanachama wa NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni hapa Kenya, kwa kutumia namba yangu ya uanachama na kitambulisho. Taarifa ikafunguka. Hadi Agosti 2024 michango ipo. Septemba hakuna. Oktoba hakuna. Nikashuka kwa kidole hadi Aprili: miezi minane mitupu, na kila mwezi katika hiyo karatasi yangu ya mshahara inasema nimekatwa 1,440.

Hesabu yenyewe niielezee, maana wenzangu wengi walikuwa hawaijui. Zamani tulikatwa 200 na tajiri naye akaweka 200, basi. Februari 2023 viwango vipya vilipoanza ikawa asilimia 6 ya mshahara, lakini kwa kikomo cha 18,000, kwa hiyo mimi wa 24,000 nikawa nakatwa 1,080. Februari 2024 kikomo kikapandishwa hadi 36,000, ndipo nikaingia kwenye asilimia 6 kamili. Tajiri anatakiwa kuongeza kiasi kile kile. Kwa hiyo kila mwezi zinatakiwa kufika 2,880, na zisipite tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mara nane, 23,040. Nilikaa na hiyo namba gizani hadi mume wangu akaniuliza kama nina homa.

Asubuhi nilikwenda kwa mhasibu moja kwa moja, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilikwenda na hasira bila karatasi. Alinisikiliza vizuri, akanipa kiti, akasema, "Dada yangu, hiyo ni sistimu. Pesa zilishatoka." Ningejibu nini? Sikuwa na kitu mkononi zaidi ya simu yenye kioo kilichopasuka.

Nikarudi nyumbani kutafuta karatasi za mshahara. Mimi huziweka kwenye kopo kubwa la Blue Band, juu ya kabati. Hizo karatasi huchapishwa mbili mbili kwenye ukurasa mmoja kisha zinakatwa kwa rula, kwa hiyo nyingine zina ukingo uliopinda na nyingine zimekula nusu ya jina la mwenzako. Hewa ya bahari ilikuwa imezigandanisha. Nilizibandua moja moja kwa kisu cha kupakia siagi, nikazipanga sakafuni kwa miezi, na watoto nikawakataza kuwasha feni. Ya Januari 2025 haikuwepo. Nikamwomba mhasibu nakala, kwa upole safari hii, na akanipa, maana sheria ya ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya mshahara na makato yake. Sidhani alijua ninaitakia nini.

Kisha nikachora kwenye daftari la stoo, lile la mistari mirefu: mwezi, nilichokatwa, kilichofika, tofauti. Nikapeleka ofisi ya NSSF hapa mjini. Afisa aliyenihudumia alikuwa kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, lakini alinisaidia kuliko nilivyotarajia. Alilitazama daftari, akatabasamu, akasema, "Mama, ungekuja kufanya kazi huku." Halafu akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona: hata ile miezi niliyodhani iko sawa, mingine ilikuwa imefika ikiwa imechelewa miezi miwili, mitatu. Pesa hazizai riba mpaka zifike. Ikiwa zimekaa kwenye akaunti ya hoteli, zinamfanyia kazi mwenye hoteli. Akanieleza pia kwamba mwajiri anayechelewesha hutozwa adhabu ya asilimia 5 kwa kila mwezi.

Jambo la pili alilonionyesha liliniaibisha. Mwezi wa Septemba ulikuwa umelipwa. Tarakimu moja ya namba yangu ya uanachama ilikosewa wakati wa kuandika, 3 ikawa 8, na mchango wangu ukaenda kukaa pasipo pangu. Kwa hiyo mhasibu hakusema uongo wote. Kwa mwezi mmoja kati ya minane, kweli ilikuwa sistimu. Nikajaza fomu ya marekebisho na deni likabaki miezi saba, 20,160.

Sasa niseme ukweli kuhusu woga. Mei ni kusi, mvua, hoteli nusu imefungwa, na kila mtu anajua wanaopunguzwa msimu mbaya ni akina nani. Hatuna chama cha wafanyakazi pale kwetu. Nilipowagusia wenzangu, wengine waliniambia niache, "riziki ya mtu ipo mkononi mwa Mungu." Kweli, lakini ile 1,440 ilikuwa mkononi mwa mhasibu. Wa bustani akasema yeye hana haja, uzeeni atakula nazi zake. Waliokubali kuangalia taarifa zao walikuwa sita, na wote sita walikuwa na mapengo ya miezi ile ile. Hapo nikajua halikuwa kosa la kuandika namba.

Tuliandika barua moja, saba sote tukatia sahihi. Niliikataa rasimu ya kwanza kwa sababu ilikuwa na neno "wizi". Ukimwita mtu mwizi atajitetea dhidi ya neno hilo, na miezi yako itabaki pale pale. Tukaandika miezi, kiasi, na swali: italipwa lini? Mwisho tukaweka mstari mmoja: nakala kwa ofisi ya leba. Nakala yenyewe tuliipeleka kweli, kwa tuktuk, tukagongewa muhuri. Naamini mstari ule ulifanya kazi kuliko barua nzima. Sheria ya ajira inasema mwajiri akikata pesa ya mfanyakazi na asiifikishe inakotakiwa, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miaka miwili. Hatukuyaandika hayo. Anayejua anajua.

Siku ya nne meneja aliniita. Hakufoka. Alisema wakala wa watalii hakuwa ametuma pesa tangu Krismasi, dizeli imepanda, akachagua kulipa mishahara ya mkononi kwanza na makato yangefuata. Nilimwelewa kibinadamu, hata nikamhurumia kidogo. Nikamwambia, "Bosi, hapo ulikopa kwetu. Ungetuambia tu kwamba tunakukopesha." Alitazama dirishani kwa muda mrefu.

Wakaguzi wa NSSF walikuja Juni, wakafungua vitabu, na hoteli ikakubaliana nao kulipa deni kwa awamu. Julai ikaingia miezi miwili. Agosti mmoja. Septemba, watalii waliporudi, mitatu kwa mpigo. Wa mwisho uliingia Oktoba. Kila ulipoingia niliuwekea alama kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, ile ninayotumia kuhesabu mashuka yaliyorudi kutoka dobi. Hakuna aliyefukuzwa kati yetu saba. Mmoja aliondoka mwenyewe kwenda Watamu, na sababu yake ilikuwa mapenzi.

Sasa kila tarehe 10 nafungua simu na kutazama. Vijana wa baa wananiita Bi Tisa, na mhasibu naye amezoea. Akiniona koridoni hasubiri niulize: "Imeingia, dada, imeingia." Bado natazama.

Mzee wa dobi hakupata bahati hiyo. Mapengo yake ni ya enzi ya mwenye hoteli wa kwanza, aliyeuza na kurudi kwao Ulaya, na karatasi za mshahara za miaka ile hakuweka. Tulikwenda naye mara mbili NSSF, tukatafuta hata kwa namba za karibu na yake, tukapata mwezi mmoja tu. Miezi iliyobaki ni ya ile zamani ya 400 kwa mwezi, ya kwake na ya tajiri pamoja. Alipoona ninaendelea kupekua aliniwekea mkono begani akasema tukanywe chai, na yeye ndiye aliyelipa.